Walioruhusiwa

Saa mbili kasoro robo asubuhi karani alifungua chumba cha kumbukumbu, akaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta, akabonyeza kitufe cha kuwashia, kisha akaenda kufagia veranda. Mashine ile ilichukua dakika kumi na tisa kuamka. Aliporudi ilikuwa na ujumbe wake uleule katikati ya kioo: mfumo endeshi wa kompyuta hii umepitwa na wakati, sasisha sasa, au nikumbushe kesho. Karani akabofya nikumbushe kesho, kama alivyofanya kwa miaka saba, akaanza kuingiza karatasi za wodini.

Kulikuwa na njia nne za kutoka katika hospitali ile, na mashine ilizijua zote: ameruhusiwa, amehamishwa, ametoroka, amefariki. Tatu za kwanza zilikubali upesi. Ya nne ilifungua ukurasa mwingine uliodai sababu ya kifo na sahihi za madaktari watatu, na hapo mashine ilikwama, kila mara, mpaka izimwe na kuwashwa upya, dakika nyingine kumi na tisa, huku watu wakigonga dirisha. Daktari Mkuu alikuwa ametoa maelekezo zamani. "Andikeni ameruhusiwa, kazi iende. Tukipata mashine ya maana tutarekebisha." Wauguzi wakaandika hivyo kwenye karatasi, karani akaandika hivyo kwenye mashine, na jamaa wakachukua maiti zao kwa mlango wa nyuma wakaenda kuzika.

Wakishazikwa, walirudi. Mashine ilisema wameruhusiwa, na aliyeruhusiwa hufuata barua yake. Kila jioni, jua likianza kulegea, walipanga foleni dirishani bila kusukumana, wengine wakiwa na udongo kwenye nywele. Karani alichapa barua akagonga muhuri. Mlinzi wa getini, ambaye kwake neno lilikuwa karatasi, alitazama muhuri akafungua geti. Wakaenda makwao, wakakaa na watu wao mpaka vyombo vya chakula vilipooshwa, kisha wakaondoka. Barua ilikuwa ya siku ile tu, kwa hiyo kesho yake walipanga foleni tena.

Majirani walishazoea. Kero pekee ilikuwa mzee mmoja waliyemwita Mzee wa Redio, ambaye kila jioni aligombana na mkwewe kwamba stesheni imeguswa.

Kwenye foleni ile alikuwamo pia mdogo wake karani. Miaka mitatu nyuma alijifungua mtoto wa kike usiku, na kulipokucha hakuwepo. Mtoto alilelewa na karani pamoja na Mama yao, wakambandika jina la Chiriku kwa kuwa alianza kusema kabla hajajua kutembea. Kila jioni mdogo mtu alifika, akamwogesha Chiriku, akamketisha katikati ya magoti, akamsuka nywele. Chiriku hakuona tofauti. Wenzake walikuwa na mama wa mchana. Yeye alikuwa na mama wa jioni.

Jumatatu ikaja barua kutoka makao makuu. Kompyuta zote zenye mfumo wa zamani zisasishwe kabla ya wiki kwisha, la sivyo zitakatwa kwenye mtandao. Katika hospitali nyingine kirusi kilikuwa kimeingia kwenye mashine iliyozeeka kama hii, kikafunga mafaili yote, na mwanamke mmoja akaongezewa damu isiyo ya kundi lake kwa sababu faili lake halikufunguka. Karani aliisoma barua mara mbili. Majibu ya maabara nayo yalipita kwenye mtandao huohuo.

Jumanne akaja fundi wa kompyuta, mwanamume mwembamba mwenye begi mgongoni. Walipanga aje saa nne, akachelewa mpaka jioni, kwa hiyo alikuta foleni dirishani. Alimpisha bibi mmoja mwenye udongo mabegani, akamsalimu shikamoo, akaingia ndani.

"Nakala ya akiba mnaweka wapi?" akauliza.

"Nakala gani?"

"Ya mafaili. Mashine ikifa leo, mnarudi wapi?"

"Haijawahi kufa," karani akajibu. "Huwa inazimia tu."

Fundi akakaa chini. Alikaa kwenye sakafu, kwa kuwa kiti kilikuwa mbali. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Miaka saba! Watu elfu kumi na moja ndani ya boksi moja, na hamna nakala! Dada, nimefanya kazi hii muda mrefu, sijaona kitu cha kutisha namna hii."

"Mpishe huyo apite," karani akamwambia, maana alikuwa amezuia njia, na marehemu mmoja alitaka kuazima kalamu.

Fundi alipopata nguvu alieleza utaratibu wake. "Kwanza nakala. Pili nakala ya pili. Tatu tunaijaribu ile nakala kwenye kompyuta yangu ndogo tuone kama inafunguka, maana nakala isiyofunguka ni hirizi tu, unavaa ikupe moyo. Nne, betri, umeme usije ukatukatia katikati. Hapo ndipo tunagusa hii. Anayesasisha bila nakala ni kama anayevuka barabara kafumba macho. Anaweza kufika. Lakini si kwa akili yake."

"Na hawa?" karani akauliza, akionyesha dirishani.

Fundi akawatazama. "Wamo kwenye mafaili?"

"Wote."

"Basi wakinakiliwa vizuri, hawana shida."

Nakala ilichukua usiku kucha, mashine ikijinong'onea peke yake. Jumatano asubuhi fundi aliweka nakala kwenye kompyuta yake ndogo, akawasha mfumo mpya juu yake, na mfumo mpya ukafanya kitu ambacho wa zamani haukuwahi kukifanya: ulisoma pia rejista ya mochwari, iliyoingizwa yote, pamoja na ya miaka ya nyuma, kwenye mtandao mwaka uliopita. Kisha ukauliza kwa adabu. Rekodi mia nne na kumi na mbili hazilingani. Walioandikwa wameruhusiwa wanaonekana mochwari. Rekebisha zote, au hifadhi zilivyo?

"Hapa sasa anahitajika mwenye mji," fundi akasema. "Mimi ni mpiga hodi tu."

"Tukirekebisha wataacha kuja?"

"Sijui. Tujaribu kwa mmoja. Ndiyo faida ya nakala."

Wakachukua wa kwanza kwenye orodha, ambaye alikuwa Mzee wa Redio, wakamrekebisha kwenye nakala. Jioni ile mzee alifika dirishani kama kawaida, lakini hakuwa na sauti. Mdomo ulicheza, mikono ikashutumu, hakikutoka kitu. Mkwewe alileta habari kesho yake kwamba nyumba ilikuwa na amani ya ajabu. Fundi akamrudisha mzee kama alivyokuwa, na sauti ikarudi, na jambo la kwanza ililosema lilikuwa matusi kwa fundi.

Kwa hiyo lilijulikana. Wakirekebishwa kwenye mashine yenyewe, wasingekuja tena.

Karani alisema basi, wahifadhi zilivyo, mambo yaende. Fundi hakubisha. Ila kabla ya kuifunga nakala alitaka kuhakikisha kwamba safu hazikuchanganyika wakati wa kunakili, na njia yake ya kuhakikisha ilikuwa kuipanga ile orodha ya mia nne na kumi na mbili kwa namna mbalimbali: kwa jina, kwa mwezi, kwa wodi. Mwisho akaipanga kwa kitanda.

Vitanda vingi vilikuwa na mtu mmoja, au wawili, au hakuna. Kitanda cha saba cha wodi ya wazazi kilikuwa na wanawake thelathini na mmoja.

"Hapo pamechanganyika," fundi akasema. Akaipanga tena. Wakatoka thelathini na mmoja tena.

Karani alikuwa amesimama. Aliendelea kusimama. Fundi alimwambia akae, hakusikia. Alikuwa anajua, siku zote, kwamba kati ya walioruhusiwa wamo waliokufa, kama mpishi anavyojua kwamba kwenye mchele yamo mawe. Ila hakuwahi kuyachambua kitanda kwa kitanda. Kilichochambuliwa kitanda kwa kitanda kilikuwa muhtasari wa kila mwezi, aliouchapa yeye, na kwenye muhtasari ule kitanda cha saba kiliongoza hospitali nzima. Kila aliyelala pale aliruhusiwa, hali nzuri. Hata karatasi ilibandikwa ukutani wodini: kitanda cha mfano. Kwa sababu hiyo wazazi wenye hali mbaya zaidi walipelekwa kitanda cha saba.

Na kwa sababu hiyohiyo, miaka mitatu nyuma, mdogo wake alipoingia wodini kitanda cha tatu, karani alikwenda mwenyewe kwa muuguzi na muhtasari mkononi, akamwomba, akambembeleza, mpaka mdogo wake akahamishwa.

Alikuwa wa kumi na tisa kwenye orodha. Mbele ya jina lake muuguzi wa zamu alikuwa ameandika: anaomba hewa, bomba halitoi.

Karani alikwenda wodini bila kuvua miwani ya kusomea. Kitanda cha saba kilikuwa karibu na dirisha, shuka jeupe limenyooshwa, na juu yake mwanamke mwenye tumbo kubwa akimenya chungwa. Nyuma ya kitanda palikuwa na bomba la oksijeni. Karani akalifungua, akaweka kiganja. Hakikutoka kitu. Akatoka nje, akafuata ukuta mpaka mahali ambapo bomba lilipaswa kuingia, akakuta limekatwa na tundu limezibwa kwa saruji, na saruji imepakwa rangi vizuri sana.

"Tangu walipokarabati ukuta," muuguzi alimwambia aliporudi wodini. "Sisi tumeandika barua mpaka wino umetukauka. Kila tukiandika tunajibiwa kwamba takwimu hazionyeshi tatizo."

"Takwimu nazipeleka mimi," karani akasema.

"Najua, mwenzangu. Ndiyo maana sikukuambia."

Yule mwanamke wa kitandani akamkaribisha karani kipande cha chungwa. Karani akakipokea, akasimama nacho mkononi mpaka kikavuja.

Jioni nyumbani, Mama alikuwa jikoni na Chiriku alikuwa anasukwa. Karani aliwaeleza yote kwa mpango, kama anayesoma faili. Alipofika mahali pa kuhamishwa kitanda alirudia sentensi mara tatu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akabaki mlangoni.

"Kwa hiyo ni mimi," karani akamalizia.

Mdogo mtu hakuacha kusuka. "Kumbe," akasema. "Siku zote nilidhani nilivuta vibaya. Nilijilaumu kwamba sikuvuta kwa nguvu."

Hata Chiriku alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea akiwa macho.

"Mashine inaniuliza," karani akasema. "Nikihifadhi, unaendelea kuja na kitanda kinaendelea kuwa cha mfano. Nikirekebisha, vifo vinaonekana, wanakiondoa. Lakini wewe ndiyo basi."

"Usirekebishe," Mama akasema. "Nimezika mara moja, inatosha. Kitanda kiandikiwe barua."

"Barua zimeandikwa, Mama."

"Iandikwe nyingine! Kwani karatasi zimekwisha duniani?"

"Mama," mdogo mtu akasema polepole, "mtoto huyu ana wewe, ana dada. Aliyelala pale leo ana nani?" Akamgeukia karani. "Dada, rekebisha."

"Unasema kirahisi."

"Sisemi kirahisi. Nasema upesi, kabla sijajuta."

Akaendelea kusuka. Usiku ule alisuka mistari myembamba kupita kawaida, akaikaza mpaka Chiriku akalalamika kwamba macho yanavutwa. "Vumilia," mama yake akamwambia, "hizi zikae wiki mbili." Mama yao aliosha vyombo sahani moja moja, akavirudia, akaosha na vilivyokuwa safi.

Jumamosi mchana, kliniki zikiwa zimefungwa, fundi na karani walianza kazi. Nakala mbili, moja ikapelekwa jengo jingine. Betri ikachajiwa ikajaa. Nyaya zisizohitajika zikachomolewa. Fundi alimuuliza mara ya mwisho kama anataka kuendelea, akasema ni utaratibu, huuliza hata anapotengeneza kompyuta za vinyozi. Karani akasema endelea.

Mstari mdogo wa kuonyesha kazi ilipofika ulitambaa kwenye kioo kwa muda wa saa moja na nusu. Kisha likaja swali. Karani akabofya rekebisha zote kwa kidole ambacho hakikutetemeka. Alikuwa amekikanya tangu asubuhi. Mashine ikajibu kwamba uamuzi huo unahitaji nenosiri la mkuu wa kituo.

Daktari Mkuu alitoka kwake na kandambili miguuni. Hakuwa mtu mbaya. Alimjua kila mfagiaji na watoto wake. Alisoma kioo, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mia nne na kumi na mbili?" akasema. "Nani alitoa ruhusa ya kuhesabu?"

"Imehesabu yenyewe, daktari," fundi akasema.

"Mwanangu," Daktari Mkuu akamwambia karani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Hivi unajua ukibonyeza hapa kinatokea nini? Watu mia nne wanakufa siku moja. Hospitali moja. Jumamosi! Nitamweleza nani?"

"Walishakufa, daktari. Nawapigia muhuri kila jioni."

"Mimi nawajua! Namsalimia mjomba wangu hapo dirishani. Nasema watakufa kwenye mtandao, makao makuu wakiona."

"Kitanda cha saba hakina hewa," karani akasema. "Thelathini na mmoja. Mdogo wangu yumo."

Daktari Mkuu akakaa. Kwa kitambo aliangalia mikono yake kana kwamba ameiazima. "Thelathini na mmoja," akasema. "Pale pale? Na mimi ndiye niliyebandika ile karatasi." Akafunika uso. Karani aliona machozi yakipita kati ya vidole, akajua kwamba amesikia, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu alipoiona ile orodha.

"Sawa," Daktari Mkuu akasema akiinuka. "Tokeni nje kidogo. Nenosiri ni siri."

Wakatoka. Fundi akafungua zipu ya begi akaifunga, akaifungua tena. Ndani zilisikika herufi nane zikigongwa, halafu kimya, halafu mbofyo mmoja. Daktari Mkuu akatoka akipenga kamasi kwenye leso, akawashukuru wote kwa kazi, akaondoka na kandambili zake. Kwenye kioo palikuwa na maandishi ya kijani: mfumo umesasishwa, hakuna tatizo lililobaki.

"Mimi kazi yangu imekwenda salama," fundi akasema. "Hakuna faili hata moja lililopotea." Akampa karani mkono, akauacha mkononi mwake kwa muda mrefu kidogo kuliko desturi, akaenda zake.

Jioni karani alifungua dirisha kwa mazoea tu. Hakutarajia mtu. Alikuwa ameketi na mikono mapajani, akifikiria maneno ya kumwambia Mama, alipoinua macho akamwona mdogo wake.

Alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nyuma yake alikuwa Mzee wa Redio, na nyuma ya mzee mia nne na kumi wengine, wamejipanga mpaka kwenye bomba la maji la nje. Miaka mitatu alikuwa amemtazama mdogo wake akija na kila mara moyo ukimwagika kwa furaha. Leo alimtazama na hakuweza kupumua.

"Hakurekebisha," mdogo mtu akasema.

"Alilia," karani akasema. "Nilimwona analia."

"Labda alilia kweli."

Karani akampigia muhuri.

Jumatatu alikwenda na orodha ofisini kwa Daktari Mkuu, akaambiwa yuko kwenye kikao. Jumanne alikwenda tena, akaambiwa suala linashughulikiwa. Jumatano alituma orodha makao makuu kupitia mtandao mpya, wenye kasi kabisa, na jibu likarudi kabla hajavuta kiti: takwimu zenu hazionyeshi tatizo. Alhamisi kitanda cha saba kililetewa godoro jipya. Muuguzi alijaribu kumlaza mgonjwa kitanda cha nne, akaandikiwa barua ya onyo kwa kukiacha wazi kitanda bora.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, foleni ilipopungua, mwanamke mmoja ambaye karani hakuwa amemwona dirishani alisogea mbele. Alivaa gauni la wodi, na kifuani lilikuwa limelowa maziwa. Vidole vyake vilinukia chungwa.

"Samahani, dada. Ni hapa pa barua?"

Karani akaandika jina lake. Mashine haikufikiri hata kidogo. Ameruhusiwa, hali nzuri.

"Ni hapa," akasema.

"Na mtoto wangu? Nimeambiwa ni wa kiume, ila sijamwona."

Karani akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke, akampa karatasi. "Wamempeleka kwenu. Wahi kabla hajalala."

Yule mwanamke akageuka kushoto, akageuka kulia. Mdogo wake karani, aliyekuwa amesimama pembeni na barua yake, akamshika mkono, kwa kuwa mgeni hakujua geti liko upande gani.